Mwalimu na Vitabu vya Mariamu

Mwalimu hakujua kukaa. Nilimfahamu tangu nikiwa mtoto wa darasa la kwanza hadi nikawa mwalimu mwenzake, na kwa miaka yote hiyo kiti chake cha darasani kilikaliwa zaidi na kuku wa majirani kuliko yeye. Alifundisha akitembea. Alisahihisha madaftari akitembea, daftari amelilaza juu ya kiganja, kalamu ikirukaruka. Hata mezani alikula matonge mawili, akainuka kwenda mlangoni kutazama kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona, akarudi kumalizia la tatu.

Ukoo wake na mahali alipozaliwa sitasema. Wapo wanaojua kuhesabu koo za Wameru vizuri kuliko mimi. Mimi nilimjua kwa mwendo. Shule yetu ilikuwa mlimani, juu ya kijiji cha Moshono karibu na Arusha, pale njia inapoacha tambarare na kuanza kupanda migombani, na asubuhi tulipoona majani ya mgomba yakitikisika bila upepo tulijua anakuja.

Alipenda kuanza mambo. Alianza kufuga nyuki, mizinga ikabaki mitini bila mwenyewe. Alianza tanuru la matofali, mvua ikalikuta halijafunikwa. Kitalu chake cha kahawa alikihamisha kutoka upande mmoja wa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, hadi mwingine, kisha akakirudisha, mpaka mkewe akamwambia, "Mwalimu, miche nayo inataka kulala." Yeye alijibu kama alivyojibu kila alipoambiwa apumzike: "Maji yakikaa hunuka."

Ukimsikiliza ungedhani ni mtu wa sheria kali. Alitukataza kusema Kimeru darasani, lakini akikasirika, hasira yake yote ilitoka kwa Kimeru. Alitufundisha kwamba kengele haimngojei mtu, na kengele yenyewe ilimngojea yeye. Alihubiri kwamba utamu huozesha meno, na mfuko wa koti lake haukukosa kipande cha sukari guru kutoka madukani Arusha, akakimung'unya kila alipotupa kisogo. Aliyesema uongo alichapwa. Tulimwogopa, tukamwiga mwendo wake nyuma ya jengo, tukampenda, yote kwa siku moja.

Sasa niseme habari ya vitabu.

Wakati ule wa Mwingereza, mabinti wengi wa mlimani walibatizwa Mariamu. Sijui kwa nini, labda mchungaji alipenda jina hilo. Shuleni kwetu walikuwa wengi hata wakapewa majina ya pili: Mariamu Mrefu, Mariamu wa Mchungaji, Mariamu wa Mtoni. Mariamu Mrefu alikuwa mgumu kama kisiki. Herufi alizijua, lakini kusoma hakutaka. Alisema vitabu ni habari za watu wengine, naye ana kazi kwao.

Siku moja Mwalimu alimwekea mbele kitabu kidogo cha kujifunzia kusoma, kilikuwa na hadithi ya binti aliyekuwa na mbuzi mgonjwa. Akamshika kidole, akakiweka juu ya neno.

"Soma hilo moja tu, kisha nenda zako."

Mariamu Mrefu akasoma polepole, silabi kwa silabi: Ma-ri-a-mu. Akasoma tena.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nani kawaambia?"

Darasa zima tulicheka, lakini yeye hakucheka. Alivuta kitabu karibu na kifua, na hakukirudisha mpaka alipojua kama yule mbuzi alipona.

Toka siku hiyo Mwalimu alishikwa na wazimu mpya, na huo haukumtoka kama wa nyuki na matofali. Alitafuta kila kitabu chenye Mariamu ndani yake. Awe mtu wa hadithi, awe mwandishi, awe hata mwenye kitabu aliyeandika jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, kwake ilikuwa sawa. Alishuka mjini kwa miguu, akazunguka kwa walowezi waliokuwa wakiuza vyombo vyao warudi kwao, akatoka na kitabu cha ushonaji kilichowahi kuwa cha mama mmoja wa Kizungu aliyeitwa Mary. "Mary ni Mariamu aliyepigwa na baridi," alituambia. Kwa Waislamu wa mjini alipata kijitabu chenye habari za Bibi Mariamu. Kwa Bwana Rahimu, Mhindi aliyeuza vitambaa karibu na soko, alipewa kitabu cha Kigujarati kilichoandikwa jina la marehemu mama yake, Mariambai. Hakuna mtu shuleni aliyeweza kukisoma. Mwalimu alikiweka pamoja na vingine kwenye rafu nyuma ya darasa, na mabinti walikifungua wakatafuta kwa macho, wakibishana ni alama ipi kati ya zile ni jina lao.

Mimi naitwa Anaeli. Nilimwendea nikiwa nimenuna.

"Mwalimu, hakuna kitabu chenye Anaeli?"

"Bado," alisema huku akiondoka. "Wewe subiri. Hawajakusikia."

Mabinti walisoma. Hilo hata waliomchukia hawakulikana. Akina baba waliozoea kuwaondoa binti zao darasani mara tu wanapoweza kubeba mkungu wa ndizi walikuta wanabishiwa. Na sisi tusiokuwa na jina lile tulisoma kwa wivu, na wivu nao ni mwalimu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sote tuliliona na hakuna aliyelisema. Mke wa Mwalimu, yule tuliyemwita Mama Mwalimu, jina lake la ubatizo lilikuwa Mariamu. Na Mama Mwalimu hakujua kusoma. Vitabu vilipita nyumbani kwake kwanza, vikakaa mezani siku mbili tatu, akavipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, kisha Mwalimu akavibeba kwapani kwenda shuleni kuwasomea watoto wa watu. Niliporudi hapo kufundisha darasa la watoto wadogo, nikiwa binti niliyetoka tu chuoni, nilipata ujasiri wa kumwuliza.

"Mwalimu, Mama humsomei?"

Alitazama mlimani. "Mama ana kazi nyingi," alisema, akaenda kukagua choo kilichokuwa kimekaguliwa asubuhi.

Katika vitabu vile kulikuwa na kimoja kikubwa cha Kiingereza, hadithi ya binti aliyeitwa Maria, aliyetakiwa aolewe na mzee tajiri akakataa, akaenda kuishi kwa kutengeneza siagi kwa mikono yake. Mwalimu alikuwa akikifasiri kwa Kiswahili papo hapo, akipita kati ya madawati, na mabinti walizungusha shingo kumfuata kama alizeti. Mwaka ule niliporudi, Mariamu wa Mtoni, aliyeanza shule nilipokuwa namaliza mimi na sasa amekaribia kumaliza darasa la mwisho, alichumbiwa na mzee mwenye ng'ombe wengi na wake wawili. Baba yake akakubali. Binti akakataa. Akapigwa, akakataa tena. Alipoulizwa amejifunza wapi kiburi hicho, alisema mbele ya wajomba zake, "Mariamu wa kitabuni alikataa, na hakufa."

Basi moto ukawaka. Baba yule alikwenda kwa wazee wa kanisa, maana shule ilikuwa ya kanisa. Wazee wakaja shuleni, wakaikagua rafu, wakakuta kile cha Waislamu, wakakuta na cha Kigujarati ambacho hawakujua kama kinasifu au kinatukana. Aliyewaongoza, mzee mmoja mwenye koti la kijivu, akasema vitabu hivyo vyote vichomwe Jumamosi, wazazi waone. La sivyo, Mwalimu atafute kazi nyingine.

Nilingoja angurume. Nilijua midomo ile. Lakini Mwalimu alizunguka meza mara kadhaa, akasema, "Nitavichoma." Sauti yake ilikuwa ndogo. Kesho yake aliniambia amekwisha tafuta mafuta ya taa. Mariamu wa Mtoni alikuwa amesimama dirishani, amesikia yote.

Jumamosi yenyewe, jua likianza kuchomoza, nilisikia hodi. Mama Mwalimu alikuwa mlangoni, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

"Mwalimu Anaeli, una nguvu za shingo?"

"Ninazo, Mama. Kuna nini?"

"Chukua ngata. Twende sokoni."

Nje kulikuwa na vikapu viwili vimefunikwa ndizi. Niliponyanyua changu nilijua mara moja kwamba ndizi haziwezi kuwa na kona. Nilimtazama. Yeye alikwisha kuweka chake kichwani na kuanza kuteremka.

Hatukufika mbali tukakutana nao, wazee wa kanisa, wanapanda.

"Shikamooni, wazee," alisema Mama Mwalimu.

"Marahaba, Mama Mwalimu. Sokoni mapema hivi?"

"Mapema ndiyo bei, mzee."

"Mbona mizigo imewalemea?" aliuliza mwenye koti la kijivu.

"Mwaka huu Mungu kazijaza ndizi." Akaongeza kwa upole, "Mwalimu anawangoja. Msimcheleweshe, mnajua hajui kukaa."

Walicheka, wakapita. Tulikwenda kimya mpaka tulipovuka mto. Hapo nilimwuliza kwa nini amefanya vile, naye hakuwahi kufundishwa hata herufi moja ya vitabu vile. Alisimama kurekebisha ngata.

"Nimeishi na mtu huyu toka nikiwa na meno yote," alisema. "Analeta nyumbani vitabu vyenye jina langu. Navipangusa. Anavichukua, anakwenda kuwasomea wengine. Hao Mariamu walifanya nini, walikula nini, waliolewa na nani, mimi sijui hata mmoja. Leo wachomwe kabla sijajua?"

Bwana Rahimu alikuwa anafungua duka. Mama Mwalimu alitua kikapu chake juu ya meza ya kupimia vitambaa, akaondoa ndizi, akamwonyesha.

"Nitunzie hivi. Ni vyangu."

"Vyako?" Bwana Rahimu alishangaa. "Si vya Mwalimu?"

"Vina jina langu au la kwake?"

Bwana Rahimu alianza kucheka, kisha akaona kitabu cha mama yake kati ya vile vingine, kicheko kikakatika. Alikipokea kwa mikono miwili. Vyote alivibeba mwenyewe hadi stoo, akaviweka nyuma ya majora ya kitambaa cha marekani. Ndizi alinunua zote, sijui alizila na nani.

Yaliyotokea shuleni niliyasikia baadaye. Wazee walifika, wakamkuta Mwalimu na chupa ya mafuta mkononi mbele ya rafu tupu. Waliuliza vitabu viko wapi, akasema hajui, na sura yake ilikuwa ya mtu asiyejua kweli. Waliamini vimeibwa. Wakasema aliyeiba ataonana na Mungu, wakaenda zao.

Jioni niliporudisha kikapu kwa Mama Mwalimu nilimkuta Mwalimu akizunguka uani. Alikuwa ameshaelewa, nadhani, alipoona mkewe amerudi na kikapu kitupu na uso uliojaa.

"Viko wapi?" alimwuliza.

"Viko salama."

"Ningefukuzwa kazi kwa ajili yako!"

"Hukufukuzwa. Kula."

Akamwekea loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando aliokuwa akiupenda. Kisha akamwambia masharti yake. Kila siku ya soko atarudi na kitabu kimoja chini ya mzigo. Naye Mwalimu atamsomea, kitabu kizima, bila kuruka. Kikiisha kitarudi dukani kitoke kingine.

Mwalimu alikubali, atafanyaje? Jioni ya kwanza nilikuwepo. Alianza kusoma huku akizunguka mafiga, kivuli chake kikipita ukutani mbio, na mkewe akawa anageuza shingo.

"Mwalimu."

"Naam."

"Unanitia kizunguzungu. Mariamu huyo anakwenda au anakuja?"

Alijaribu kusimama mahali pamoja. Mguu mmoja ukawa unapiga sakafu. Alisoma hadithi ya mbuzi mgonjwa, hadithi ya watoto, na Mama Mwalimu aliisikiliza kwa makini kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Mwishoni alisema dawa waliyompa mbuzi yule haikuwa dawa, mbuzi alipona mwenyewe. Mwalimu akambishia. Walibishana mpaka moto ukafifia. Nilitoka nikawaacha, na nikiwa njiani nilifikiri sikuwahi kuwasikia wakizungumza maneno mengi kiasi kile.

Walipofikia kile kikubwa cha Maria na siagi, ndipo jambo lilipomgeuka Mwalimu. Mama Mwalimu alimsimamisha katikati. Alimwambia, "Huyu ndiye aliyemponza binti wa Mtoni?" Mwalimu akasema ndiye. "Na wewe uliyemfundisha habari zake umekwenda kwa baba yake kusema nini?" Asubuhi Mwalimu alinipitia, akaniambia tufuatane, kwa kuwa si vizuri mwanamume kwenda peke yake kuzungumza habari za binti wa watu.

Tulimkuta baba yake Mariamu akipogoa migomba. Hakutukaribisha ndani.

"Mwalimu, umeleta nini tena?"

"Nimekuja kukuomba binti yako."

"Na wewe unaoa?"

"Namtaka amalize darasa. Akimaliza, mwulize mwenyewe."

Yule baba alichomeka panga kwenye mgomba. "Neno langu limeshatoka. Nikilirudisha leo, nani ataniamini tena katika mlima huu?"

Mwalimu alikwenda hatua chache, akarudi. Nilidhani anaondoka.

"Na mimi neno langu lilitoka," alisema. "Niliwaambia wazee nitavichoma vitabu. Sikuvichoma. Vipo."

"Si viliibwa?"

"Havikuibwa. Nilivificha mimi."

Nilifungua kinywa, akanitazama kwa jicho lile la darasani, nikakifunga. Mtu aliyechapa watoto kwa uongo alisema uongo huo bila kupepesa.

"Nenda kawaambie," aliendelea. "Kuanzia kesho hakuna atakayeniamini. Nitatembea hivihivi, nitakula hivihivi. Kuonekana mwongo kunauma, ndugu yangu, lakini hakuui. Binti yako ukimpeleka kule analia, hilo litakaa humu ndani mwako."

Baba yule aling'oa panga, akaendelea kupogoa. Tulipofika njiani alituita kwa nyuma, akasema tu, "Amalize darasa. Lakini kwa wazee nitasema."

Na alisema. Mariamu wa Mtoni alimaliza darasa, akaenda kujifunza uuguzi, na mume akamchagua mwenyewe baadaye. Mwalimu alihamishwa. Walimpeleka kwenye shule ya matope upande wa pili wa mlima, kaskazini, kwenye ukame, ambako upepo hupuliza vumbi la majivu mchana kutwa. Mama Mwalimu alikataa kuhama, akasema kahawa haijui barua za uhamisho. Basi Mwalimu akawa anazunguka mlima kwa miguu kila mwisho wa juma, kitabu mfukoni, kuja kumsomea mkewe. Watu walimhurumia. Mimi nilimwona mara nyingi akipita, na kusema kweli sikumwona akiwa na furaha kama miaka ile.

Miaka ikaenda. Mimi niliolewa, nikahamia mjini. Mazungumzo ya uhuru yalikuwa yameanza kusikika sokoni waziwazi siku nilipomkuta Mwalimu dukani kwa Bwana Rahimu. Nywele zilikuwa nyeupe kabisa. Alikuwa akizungumza na kijana wa Bwana Rahimu kwa haraka, mikono ikienda huku na huku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Anaeli. Mwambie huyu kijana. Namuulizia kitabu chochote kipya chenye Mariamu. Chochote."

"Hakuna, Mzee," kijana alisema kwa masikitiko. "Baba alishakupa vyote."

Mwalimu alinigeukia. "Nimeshamsomea vyote. Hata cha Kigujarati, marehemu Bwana Rahimu alikuja mwenyewe akamsomea, akafasiri. Sasa Mama anaumwa, Anaeli. Ananiambia hataki vile anavyojua mwisho wake."

Nilipanda naye mchana ule. Alitembea mbele yangu kama zamani, nikimkimbilia. Mama Mwalimu alikuwa kitandani karibu na dirisha, amekonda, macho ameyafumba. Alinijua kwa sauti, akaniuliza habari za watoto. Kisha akamwuliza mumewe, "Umepata?"

"Nimepata," alisema Mwalimu.

Alichukua kitabu kilichokuwa juu ya kabati. Nilikiona kutoka nilipokaa: kilikuwa cha bwana shamba, cha magonjwa ya mibuni. Alikifungua, akakohoa, akaanza kusoma.

"Palikuwa na binti aliyeitwa Mariamu. Kwao kulikuwa juu, ukungu ulikuwa ukiingia mpaka jikoni. Siku moja akashuka kuteka maji, akamkuta njiani kijana mmoja amevaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Kijana akamwuliza njia, ingawa njia aliijua. Siku hiyo ilikuwa mvua..."

"Ilikuwa jua," alisema Mama Mwalimu bila kufumbua macho.

Mwalimu akasogeza kitabu karibu na uso.

"Ilikuwa jua. Hapa wamechapa vibaya. Kijana alimbebea mtungi, akaumwaga nusu. Mariamu hakukasirika. Alirudi mtoni akateka tena, na kijana akarudi naye, na hivyo ndivyo walivyochelewa kufika nyumbani, wakakuta watu wote wamesimama uani."

Aliendelea. Alisoma habari za harusi, za mtoto waliyemzika, za miche ya kahawa iliyohamishwa huku na huku, za mke aliyepangusa vitabu. Hapo aliacha kusoma. Ng'ombe alilia kwa jirani. Mama Mwalimu alingoja, na alipoona kimya kimezidi, akanyoosha mkono juu ya blanketi.

"Mwalimu," alisema, "toka umeanza hujageuza ukurasa."

Akageuza. Akaendelea kusoma.